Nati ya Gurudumu la Nyuma

Sipendi mtu anisimamie kichwani nikifanya kazi. Nalisema mapema ili lijulikane. Karakana yangu iko Micheweni, ubavuni mwa nyumba yangu, mwaka wa ishirini na sita huu, na kila mwenye honda upande wa kaskazini anajua kwamba akiniuliza, "Fundi Mabruki, umekaza?" atarudishiwa chombo chake pamoja na maneno ya kumfikisha Konde. Watu wamenizoea. Wengine huja na wageni wao makusudi wapate kunisikia nikigomba, kisha wakacheke barazani.

Jumatano ile alikuja mkwe wangu. Mwanangu Asya alikuwa ameolewa Wete, fungate imekwisha siku mbili nyuma, na Abdulsamad alimleta kutuamkia kama inavyotakiwa. Walikuja kwa gari ya abiria, na mbali na kikapu cha halua na kanga za mama mkwe, kijana alikuwa amekumbatia gurudumu zima la pikipiki ndani ya gunia. Pikipiki yenyewe ilikuwa kwangu tangu kabla ya harusi. Ni ya mashindano, nyekundu, ya Kijapani, imetengenezwa kabla bibi harusi hajazaliwa, na kiti cha nyuma kiko juu mno hata mtu akikipanda huona mapaa ya nyumba. Abdulsamad alikuwa ameingia nayo kwenye shimo, ringi ya nyuma ikapasuka. Akaagiza gurudumu jengine, lililotolewa kwenye pikipiki iliyokufa huko Dar es Salaam. Mpango ulikuwa niwafungie asubuhi, wale chakula cha mchana, kisha warudi Wete wakiwa wamepanda wenyewe.

Alikuwa tayari kuifanya kazi ile mwenyewe, maana vyombo anavijua. Nikamkatalia. Nilisema mbele ya mke wangu, Bi Mwatum, na majirani wawili, kwamba chombo atakachopanda mwanangu hakiguswi na mkono mwengine ila wangu. Nikamwekea kiti kivulini akae na kanzu yake mpya.

Kazi ilinichelewesha. Pikipiki za namna ile hazina stendi ya kati, kwa hiyo niliinyanyua kwa vigogo na kuifunga kamba kwenye boriti. Nati ilikuwa imeshikwa na kutu. Nikachomeka bomba kwenye mkono wa spana ili kuongeza nguvu, nikaning'inia hadi ikalia na kufunguka. Nikachomoa ekseli, ule mti wa chuma unaopita katikati ya gurudumu, nikavua cheni, nikalishusha gurudumu bovu, nikafunga breki kwa waya isining'inie. Nilipokuwa napachika lile jengine, Abdulsamad alisema taratibu kutoka pale kitini, "Baba, ile bushi ndogo nadhani yakaa upande wa cheni."

Alikuwa amesema kweli. Nilikuwa nimeishika mkononi, kile kipete cha chuma kinachovishwa ekseli, naipeleka upande wa breki. Badala ya kushukuru, nikamuuliza kama ni yeye aliyenifundisha kazi hii au ni marehemu baba yake. Majirani wakacheka. Yeye akatazama chini. Asya alikuwa mlangoni, akaingia ndani.

Sasa lazima nieleze jambo moja, na si gumu. Nati ya gurudumu la nyuma hukazwa mwisho kabisa, kwa sababu kabla yake lazima uipime cheni, ulivute gurudumu kidogo nyuma, kidogo mbele, mpaka pande zote mbili zilingane. Wakati huo wote nati unaizungusha kwa vidole tu. Ukisharidhika unaikaza kwa spana na bomba, kisha unapitisha pini, kile kichuma chembamba chenye miguu miwili, katikati ya nati na ekseli, unaikunja miguu yake, na nati haiendi popote tena. Nilikuwa nimeshapima cheni na nati iko kwa vidole, pini nimeitia mfukoni mwa ovaroli isipotee, ndipo ikaadhiniwa adhuhuri.

Mimi adhana ikilia naacha, navua ovaroli na kuvaa kanzu. Na nina desturi yangu: kazi ambayo haijakwisha naiacha na spana juu ya nati. Nikirudi kutoka msikitini, spana ndiyo inayonambia nilipofika. Spana ikiwa haipo, kazi imekwisha. Miaka yote hiyo haikunidanganya hata mara moja.

Bi Mwatum naye ana desturi yake. Wageni wakiwapo hataki kuona chuma uani. Tulipokuwa msikitini mimi na mkwe wangu, alifagia, akakusanya vyombo vyote akavitia sandukuni, akaifuta ile pikipiki kwa kitambaa, akaiteremsha kwenye vigogo kwa msaada wa majirani na kuigeuza ielekee njia. Alifanya hivyo kwa mapenzi, bibi harusi aondoke kwenye uwanja safi.

Nilirudi nimevaa kanzu. Nikala pilau na mkwe wangu, yeye akila kwa aibu, mimi nikisimulia harusi yangu mwenyewe. Tulipotoka nje nikaiona pikipiki inang'aa, imesimama kwa stendi ya ubavuni, haina spana. Nikasema, "Tayari, wanangu. Sasa hata mkienda Mkoani." Ubani ukafukizwa, dua ikasomwa. Abdulsamad alichuchumaa karibu na gurudumu la nyuma kufunga viatu, akakaa pale zaidi ya viatu vinavyohitaji. Aliponyanyuka alimwangalia mkewe, na mkewe akatikisa kichwa kidogo sana. Nikasema moyoni, maharusi hao, wameanza kuzungumza kwa macho. Nikafurahi.

Asya akapanda upande, miguu yote kushoto, buibui akalikunja na kulibana magotini. Wakaondoka polepole, Asya akinipungia mkono. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka walipopinda.

Dakika chache baadaye nilivua kanzu na kuvaa ovaroli, kwa kuwa kulikuwa na vespa ya mtu ikinisubiri. Nikatia mkono mfukoni kutafuta kitambaa. Vidole vikagusa pini.

Sikuelewa mara moja. Niliishika mbele ya macho nikaitazama, ina miguu iliyonyooka, safi, haijapita popote. Kisha nikaelewa. Nikakimbilia sandukuni. Spana ipo, imelazwa vizuri pamoja na nyenziwe. Nikamwita Bi Mwatum nikamuuliza nani aliyeiweka. Akasema ni yeye, ilikuwa imekaa juu ya gurudumu, kwani kuna nini? Mwanangu alikuwa amekaa upande juu ya gurudumu lililoshikwa kwa vidole vyangu viwili.

Nilipiga simu ya Abdulsamad. Ikalia mpaka ikakata. Nikapiga ya Asya, imezimwa. Nikapiga tena ya Abdulsamad huku naburura honda yangu ndogo kutoka bandani, na ilipokosa kupokewa nikaiacha simu juu ya meza, ikabaki hapo. Nilichukua spana na bomba nikavitia kifuani ndani ya ovaroli. Sikuvaa hata kofia. Bi Mwatum alikuwa ameshafahamu, maana alikaa chini palepale alipokuwa amesimama, akaanza kusoma dua kwa sauti.

Barabara ile naijua kwa kila tuta lake. Siku zote huyaona matuta ni kero tu, lakini siku ile nilikuwa nayahesabu kwa hofu. Tuta la skuli: gurudumu linapanda, linashuka, nati inalegea kidogo. Tuta la pili: kidogo tena. Nilijua vizuri jinsi inavyokwenda, na kujua huko ndiko kulikonitesa. Mtu asiyekuwa fundi angeogopa mara moja tu, ajali. Mimi niliogopa hatua kwa hatua. Kwanza nati inazunguka. Halafu inadondoka. Halafu ekseli inaanza kutoka nje pole pole, kila tuta kidole. Halafu cheni inaruka na kuingia baina ya gurudumu na chuma, gurudumu linashikwa ghafla, na aliyekaa juu upande upande hana pa kujishika.

Nikawa naendesha macho chini. Penye tuta la tatu nikaona kitu kinang'aa katikati ya lami. Nikasimama kwa breki hata honda ikateleza, nikateremka, nikakiokota. Kifuniko cha soda. Nikasimama nacho mkononi, sijui kama nifurahi au nilie, kisha nikakitupa na kupanda tena.

Mbele kidogo, kina mama walikuwa wakianika mwani kando ya njia. Nikamuuliza Bi Ummkulthum, ambaye anatufahamu, kama amewaona maharusi.

"Wapita sasa hivi," alisema. "Waenda pole pole kweli, masikini, kama wabeba mayai. Weye wawasindikiza?"

Nikaondoka, na nyuma yangu nikasikia wanapiga vigelegele. Walidhani nafuata harusi. Ile pole pole ilinipa matumaini. Nikakazana, nikamwomba Mungu hata kwa maneno ambayo siyajui vizuri, na nilipokaribia Tumbe nikawaona. Nyekundu ile haijifichi. Walikuwa nyuma ya pikapu ya samaki, na kweli walikuwa wakienda taratibu, na taa ya kushoto inawakawaka kama wanataka kutoka barabarani wasimame.

Nikapiga honi. Nilipiga kwa kidole gumba bila ya kuachia.

Abdulsamad aligeuza kichwa kidogo akaniona kwenye kioo. Taa ya kushoto ikazimika. Akapiga honi mara mbili kunijibu, akaipita pikapu, akaongeza mwendo. Watu wa sokoni wakashangilia. Mchukuzi mmoja wa baiskeli alisimama juu ya pedali akapiga mluzi. Walikuwa karibu kusimama, na nikawafukuza mwenyewe kwa honi yangu, na kila nilivyozidi kuipiga ndivyo walivyozidi kukimbia.

Nikaacha honi. Nikapunga mkono. Nilipiga kelele mpaka koo likanikauka, na upepo ukazirudisha kelele zote kinywani mwangu. Honda yangu ni ya injini ndogo, haina mbio, na ile yao hata ikizeeka ni ya mashindano. Waliniacha mita mia, mia na hamsini. Mbele yetu kulikuwa na ule mteremko unaoshuka kwenye bonde la mpunga, una kona chini na kalvati nyembamba isiyo na ukingo. Naujua mteremko ule. Nimeshawahi kwenda kuokota chombo cha mtu pale, na mwenye chombo walikuwa wameshamchukua.

Walipoanza kushuka niliona gurudumu la nyuma linacheza. Kwa mbali halikuonekana sana. Mkia wa pikipiki ulikuwa unakwenda huku na huku, kidogo, na mimi nikajua. Nilipiga ukelele mmoja wa jina lake, Asya, nikanyoosha mkono mmoja juu na kuuacha huko.

Sijui kama alisikia. Aligeuka, labda kwa sababu tu binti hugeuka, na nikamwona uso. Baadaye alinambia alichokiona: babake kichwa wazi, mdomo wazi, analia. Hakuwahi kuniona nikilia. Alimpiga mumewe mgongoni kwa ngumi, si mara moja, na Abdulsamad akaachia mafuta. Kwa akili aliyopewa na Mungu hakugusa breki ya nyuma. Aliiacha ipungue mwendo yenyewe, ikapepesuka, ikapepesuka tena, akaitoa nje ya lami kabla ya kona, kwenye majani, ikasimama.

Nilifika nikaitupa honda yangu chini. Nikamshika Asya mabega, nikampapasa kichwa, mikono, kama naangalia kama yuko mzima kila kipande. Akasema, "Baba, tu wazima. Tu wazima." Nikapiga magoti kwenye gurudumu. Nati ilikuwa bado ipo. Ilikuwa imeshikwa na uzi mmoja na nusu tu wa ekseli. Ekseli ilikuwa imechomoza upande wa pili upana wa vidole viwili. Nikaizungusha nati kwa kidole kimoja, ikaja mkononi mwangu bila ya kubisha.

Niliigeuzageuza ile nati mkononi. Kisha nikasema, maana yalikuwa lazima yasemwe, kwamba kosa ni langu. Niliona spana haipo nikadhani nimekaza. Sikuangalia. Niliwapa chombo kibovu, nikakitilia ubani.

Nilitarajia wastuke. Hawakustuka. Walitazamana, na Abdulsamad akatazama chini vilevile alivyotazama asubuhi.

"Nliona, baba," alisema. "Nlipofunga viatu. Nliona hakuna pini."

Nilidhani sijasikia vizuri. Nikamuuliza aliona nini, na akarudia. Aliona nati imekaa kwa mkono tu. Alikusudia kutoka pole pole, akifika nje ya mji ambapo sitamwona asimame akaze mwenyewe, spana anayo chini ya kiti. Aliona haya kunambia mbele ya watu. Pale Tumbe ndipo alipotaka kusimama, tena alishawasha taa, ndipo akaniona nyuma. Akadhani nawasindikiza. Akaona hawezi kuteremka kukaza gurudumu nililolifunga mimi huku nikimwangalia, basi akakimbia ili nirudi.

"Ungenambia tu," nilisema. Sauti ilinitoka ndogo. "Mwanangu, ungenambia."

"Mie ndo nlomkataza," Asya akasema.

Alikuwa amesimama na buibui limejaa vumbi upande mmoja. Hakuwa na hasira. Alizungumza taratibu, kama anayemweleza mtoto. "Alinitazama, nkamwashiria asiseme. Ungemgombeza, baba. Mbele ya wale wote, siku ya mwanzo anakuja kwenu. Asubuhi ushamgombeza kwa bushi, na yeye ndo alokuwa na haki. Nkaona bora tuende hivyo hivyo, Mungu atatufikisha."

Nilikuwa nimekuja njia nzima nikiogopa nati, matuta, cheni, kona. Sasa nikaogopa kitu ambacho sina spana yake. Mwanangu alipima mdomo wangu na barabara, akachagua barabara. Alikaa juu ya gurudumu lililolegea, akijua, akabana buibui lake magotini na kunipungia mkono.

Nikashika kazi. Tukainyanyua pikipiki kwa jiwe, Abdulsamad akaishikilia. Nikairudisha ekseli ndani, nikapima cheni, nikaikaza nati kwa spana na bomba mpaka mgongo ukaniuma. Nikaitoa pini mfukoni nikaipitisha. Ikaniangukia mara mbili majanini, nikaiokota. Nikasimama nikajipangusa, nikamwambia Abdulsamad aangalie.

"Iko sawa, baba," alisema. Hakuinama hata kidogo.

"Hujaangalia."

"Iko sawa."

"Abdulsamad. Nakuomba. Inama uangalie."

Akainama. Akaangalia muda mrefu, na nikaona jasho linamtoka shingoni. Akamtazama mkewe. Safari hii Asya hakumwashiria chochote.

"Miguu ya pini haijakunjwa, baba," alisema.

Alipokwisha kulisema hilo akanyanyuka na kurudi nyuma hatua moja. Asya naye akarudi. Wala sijawahi kumwinulia mkono mtu yeyote katika maisha yangu, si mke, si mtoto, si mgeni. Walisimama bega kwa bega kwenye majani, wakiningoja nianze kugomba.

Nikachuchumaa. Nikaikunja miguu ile, mmoja juu, mmoja chini, kisha nikamwomba aangalie tena.